Apareyi ya foto ifuate mukono, si mukono ufuate apareyi

Hapa Likasi tuko na muzee mumoja mwenye kila mutu wa atelie anamujua. Miaka 31 alifanya kazi ku mashine ya turi, ile yenye kuzungusha chuma huku kisu kinakata, mupaka kipande kinatoka muviringo. Leo yuko mu retrete, lakini mashine haijamutoka mu damu. Nyuma ya nyumba alijitengenezea turi ndogo kwa mota ya pampu ya maji na vyuma vya kuokota. Pale hazungushi tena chuma, anazungusha muti. Mu Kiswahili ya vitabu kazi ile inaitwa kukereza. Sahani, bakuli, miguu ya viti, yote inatoka mu mulombwa na miti ingine yenye majirani wanamuletea wakikata mashamba. Hauzishi sana. Anagawa. Mu ndoa nyingi za kwetu, ile sahani nyekundu yenye wageni wanatia zawadi ilitoka mu mikono yake.

Jina lake hatutaji, yeye mwenyewe alituomba. Lakini ya mikono yake tutasema, sababu habari yote iko pale. Mukono wake wa kuume umebakia na vidole vitatu: kidole gumba na vile viwili vya mwisho. Viwili vya kati vilienda na kazi.

Mu mwezi wa saba muzee atapanda ndeke mara ya kwanza mu maisha yake. Binti yake, mwenye kuolewa kule Marseille mu Ufaransa, amezaa mutoto wa kwanza na amemulipia baba tikiti. Visa imetoka. Muzee akaja ku biro ya sendika, akakaa, akatuambia:

"Bana yangu, nataka kununua apareyi ya foto. Munisaidie kuchagula. Mi mambo ya ile mashine sijue."

Tulifikiri ni kazi ya siku moja. Ilitukamata wiki sita, mikutano miwili ya komite na safari moja ya Lubumbashi. Tunaandika hapa namna tulichagua, sababu wengi kati yetu tunanunua vitu vya bei kubwa kwa kufuata kinywa cha muuzaji, kisha tunajuta.

Unaenda kupiga foto ya nini?

Kosa letu la kwanza: tulianza kuulizana "apareyi gani ni muzuri?" Kijana mumoja anasema Canon, mwengine Nikon, mwengine anasema telefone inatosha. Mama mushika-sanduku wetu, mwenye hasemi mingi, akakata maneno:

"Papa, unaenda kupiga foto ya nini?"

Muzee akahesabu juu ya mukono wa kushoto. Kwanza, mujukuu. Pili, kijiji kimoja kinaitwa Aiguines. Tatu, watu wa kule wakikereza, na mashine yao ikizunguka.

Tuseme kidogo juu ya Aiguines. Ni kijiji cha mulimani mu Var, kusini ya Ufaransa, juu ya ziwa la Sainte-Croix, pale mto Verdon unatoka mu mabonde yake marefu. Muzee alikiona mu filme ku telefone ya mutoto wake, na tangu ile siku hakilali mu kichwa yake. Watu wa pale zamani waliishi kwa kukereza. Kuna muti mumoja mugumu sana unaota mu yale majabali, Wafaransa wanauita buis. Watu walishuka mu mabonde kuchimba mizizi yake, kazi ya hatari, na ku atelie walikereza mizizi ile kuwa boule ya kuchezea, ile michezo ya petanki na ndugu zake. Muti peke yake unapasuka kwa kugongwa. Basi walipigilia misumari juu ya boule yote, musumari kando ya musumari, mupaka muti hauonekani tena, unaona paka chuma inangaa kama magamba ya samaki. Kupigilia ile misumari ilikuwa zaidi kazi ya wamama.

Kisha, mu miaka ya 1920, viwanda vikaanza kutengeneza boule ya chuma tupu. Ni ya rahisi, haipasuki, zote zinafanana. Kazi ya misumari ikafa. Lakini kijiji hakikuacha ufundi: leo kuna shule ya kukereza na kuna nyumba ya makumbusho ya wale mafundi wa zamani.

Muzee alituambia: "Mi nataka kuona namna gani batu banabakia na kazi ya mikono kisha kazi kubwa kukufa. Na ile foto nitaleta kwa bana ba hapa. Mine itaisha siku moja. Mikono aitaisha."

Pale tukaelewa kama hatuchagui apareyi ya mutalii. Tunachagua chombo cha kazi.

"Atazoea"

Tukashuka Lubumbashi watu watatu, pamoja na muzee. Mu duka moja kijana wa kuuzisha akatutolea Canon EOS 2000D, mupya, mu kartoni. Ni apareyi nzuri, hatuisemi mubaya. Wapiga foto wengi wa ndoa na wa matanga wanaishi nayo. Kijana akatuhesabia: megapikseli 24, objektifu inabadilishwa, "iyi njo ya kiprofesionele". Dola 550.

Muzee akaishika. Na sasa wewe musomaji kamata chombo chochote kando yako, jifanye kama unapiga foto. Kidole gani kinabonyeza? Kile cha shahada, cha mukono wa kuume. Apareyi karibu zote za dunia zimechongwa hivi: uzito unabebwa na mukono wa kuume, na buto ya kufyatua iko chini ya kidole cha kwanza. Ya watu wa kushoto ni kama hakuna. Muzee akajaribu kwa kidole cha tatu. Apareyi ile, pamoja na batri na objektifu yake ndogo, iko karibu gramu 675. Ikageuka mu mukono, ikainama, foto ikatoka ya sakafu. Akajaribu tena. Akaanza kutoka jasho.

Kijana wa duka akasema kwa roho nzuri kabisa: "Muzee atazoea."

Tukatazamana. Ile neno tunaijua. Tunairudisha mu meza, tukaaga, tukatoka.

Ile neno ilikata vidole viwili

Wale wasiojua habari hii, wasikie. Muzee alikuwa anafanya kazi mu kompanyi moja, hatuitaji hapa. Siku moja likatoka agizo: kila mutu mu atelie avae maganti, saa yote, bila kuuliza ni mashine gani. Maganti yenyewe yalikuwa ya kipimo kimoja, makubwa, kwa mikono yote. Yeye mwenye kujua kazi akaenda kwa shefu wake: ku mashine yenye kuzunguka hatuvae maganti. Kitambaa kikikamatwa, mukono unakifuata. Hii si siri, kila fundi wa turi anaifundishwa siku ya kwanza. Wakamujibu: "Agizo ni agizo. Utazoea."

Kisha wiki tatu kitambaa kikakamatwa.

Mu mapapo ya aksida waliandika "kukosa uangalifu kwa mufanyakazi". Hakukuwa foto hata moja ya ganti, wala ya mashine. Mbele delege wetu hajafika, atelie ilikuwa imefagiliwa. Tulipigana miaka miwili kwa malipo yake, na tulipata nusu ya kile tuliomba, sababu tulikuwa na paka maneno.

Kwa hiyo mutu akituambia kama mutu atazoea chombo, sisi tunauliza: na chombo, hakiwezi kuzoea mutu?

Mwangaza, mwendo, uzito

Tukarudia Likasi na kuanza upya, kwa karatasi. Kazi tatu za muzee tukazipima moja moja.

Mujukuu na makumbusho: pale shida ni mwangaza kidogo. Mutoto muchanga haupigi flashi mu macho. Mu makumbusho mingi flashi inakatazwa, na mara nyingi ile miguu mitatu ya kusimamishia apareyi pia. Basi unahitaji objektifu yenye kufungua mulango mukubwa. Ku objektifu utaona namba ya f. Namba ikiwa ndogo, mulango ni mukubwa: f/2.8 inaingiza mwangaza mara nne kupita f/5.6. Apareyi kubwa ya duka, na objektifu yenye inakuja nayo, inafika f/5.6 ukivuta karibu. Megapikseli hazisaidii kitu pale. Megapikseli 12 zinatosha kuchapa foto ya kurasa nzima ya gazeti. Ukubwa wa namba ya kartoni si ukubwa wa foto.

Mashine ikizunguka: hapa muzee mwenyewe alitufundisha, kwa hesabu ya atelie. Turi ikizunguka mara 1 000 kwa dakika, muzunguko mumoja ni sekondi 0.06. Ukifyatua kwa 1/60 ya sekondi, muti umeshazunguka zaidi ya robo: utapata ukungu. Ukifyatua kwa 1/1000, umezunguka digri 6 tu. Ku sahani ya santimetre 30, ile digri 6 ni karibu santimetre moja na nusu ku ukingo. Bado si wazi kabisa, lakini kisu kinaonekana, mukono unaonekana, na maganda yanaonekana yakiruka. Ukitaka kuonyesha umbo, simamisha mashine. Ukitaka kufundisha namna ya kushika kisu, piga filme. Basi apareyi inapashwa kukuachia kuchagua mwendo wewe mwenyewe, na kupiga filme nzuri.

Uzito na mukono: isipite gramu 350, na iweze kufyatuliwa bila ile buto ya kuume. Yaani ekra ya kugusa: unagusa pale unataka ione wazi, inafyatua.

Na telefone? Vijana waliitetea sana, na hawakukosa. Kwa mujukuu, kwa mwangaza wa muchana, telefone nzuri inatosha, na kama huna safari ya kazi usipoteze feza yako. Lakini telefone ya muzee ni ya zamani, na mupya yenye kupiga foto vizuri mu giza ilikuwa inapita bei ya apareyi. Tena telefone ni laini na nyembamba, na ile mukono wa vidole vitatu imeshaangusha mbili.

Mwisho tukafika ku apareyi ndogo, Canon PowerShot G7 X Mark II. Ilitoka mwaka wa 2016, kwa hiyo ya mukono wa pili inapatikana. Gramu 319 na batri yake, objektifu kutoka f/1.8 mupaka f/2.8, ekra ya kugusa yenye kuinuka, na unaweza kuchagua mwendo. Haibadilishi objektifu, na haivuti mbali sana. Muzee hapigi foto ya simba. Tuliacha ile bila kulia.

Feza ya sanduku

Kulikuwa moja Lubumbashi, kwa mupiga foto mwenye alikuwa anabadilisha vyombo: dola 320. Muzee alikuwa na 160.

Hapa tuseme ukweli, komite iligawanyika. Sanduku ya kusaidiana ni ya wagonjwa, ya matanga, ya watoto wa masomo. Kamarade mumoja alisimama: "Bamama bajane banangoja, na sisi tunanunua apareyi ya kutembea nayo Bulaya?" Neno lake lilikuwa la haki, na hakuna mwenye alimucheka. Mama mushika-sanduku aliuliza tena swali moja tu:

"Ikirudia hapa, itafanya kazi gani?"

Ni muzee mwenyewe alijibu. Alisimama, akaweka ule mukono wake juu ya meza. "Siku ile, kama mungekuwa na foto ya ile ganti ndani ya mashine, leo tungekuwa tunasema ingine."

Watu walinyamaza. Kisha tukapiga kura: 9 kwa 4. Sanduku inatoa 160, si zawadi: apareyi ni ya wote wawili. Muzee anasafiri nayo, akirudia inakaa ku biro, na kila delege atajifunza kuitumia. Kamba ya kuinulia imekatika waya, mashine haina kifuniko, masiki haifungi ku uso wa mufanyakazi, buti ya namba 44 ku muguu wa 40: foto, tarehe, saa. Na muzee atafundisha, sababu yeye njo atakuwa ameizoea. Yule kamarade wa "hapana" tulimupatia kazi ya kuandika masharti, ili yakae makali. Aliyaandika makali kweli.

Ukinunua ya mukono wa pili

Haya tuliyafanya mbele ya kutoa feza, na wewe pia uyafanye:

Washa tochi ya telefone, angalia ndani ya objektifu kutoka mbele. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui, ni kuvu. Achana nayo.

Piga foto ya mbingu au ya ukuta mweupe, mulango ukiwa mudogo kabisa (namba kubwa ya f). Madoa meusi yenye hayasogei ni vumbi ndani. Hapa kwetu, na hili vumbi letu jekundu, ni ugonjwa wa kwanza. Ku apareyi yenye objektifu haitoki, hautaweza kuifuta wewe mwenyewe.

Washa, zima, washa, zima, mara kumi. Objektifu itoke na kurudi bila kulia wala kusita. Gusa ekra mu pembe zote ine.

Tia karte yako, piga foto na filme ya dakika tano, kisha ufungue mu ordinatere. Angalia kama batri haijavimba. Omba sharjeri yake, na karatasi yenye jina la muuzaji: njiani unaweza kuulizwa ulitoa wapi.

Kipini cha mulombwa

Apareyi ikafika. Na bado haikutosha, sababu ni ndogo na inateleza. Sisi tukaanza kuogopa kama tumepoteza feza ya sanduku. Muzee aliigeuza chini juu, akaona tundu la skuru pale chini, akacheka.

Lile tundu ni la kipimo kimoja mu apareyi karibu zote: boulon ya robo ya inchi, meno 20 mu inchi moja. Fundi wa turi hawezi kukosa ile mu kopo lake. Siku mbili kisha, alitokea na kipini cha mulombwa, kimekerezwa kufuatana na kiganja chake cha kushoto, na boulon inatoka juu milimetre 4 na nusu, isipite, sababu tundu si refu na ukilazimisha unavunja. Mukono wa kushoto unashika kipini na kubeba uzito wote. Kidole gumba cha kuume kinagusa ekra. Foto inatoka imesimama.

Tulijaribu sisi wote, wenye vidole kumi. Tulikuta tunapiga vizuri kupita mwanzo.

Mbele ya kupanda ndeke

Batri moja ya ile apareyi inatoa foto karibu 265. Tumemununulia zingine mbili. Batri za akiba haziingii mu valizi ya chini ya ndeke, zinaingia na wewe ndani, ncha zake zimefunikwa na skochi, sababu zikigusana na chuma zinaweza kuwaka moto. Sheria ya ndeke inaruhusu ndogo zisizopita Wh 100. Hizi ziko na 4.5.

Na tukiwa na ile batri mu mukono, tulimuonyesha kijana mumoja wa Kolwezi mwenye alikuwa anapita ku biro. Batri za namna hii zilianza kuuzwa mwaka wa 1991, na zilijengwa juu ya kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yenye dunia inachimba inatoka mu udongo wetu. Kijana aliigeuza, akasema: "Basi hii inarudia nyumbani." Alikuwa hajawahi kushika apareyi ya foto.

Jambo la mwisho: weka saa na tarehe sawa. Mu mwezi wa saba saa ya Likasi na ya Marseille ni moja, kwa hiyo muzee hatabadilisha kitu. Lakini kwa sisi wa sendika, foto yenye tarehe ya uongo ni silaha ya yule mwengine.

Sasa muzee anafanya mazoezi kila siku. Foto yake ya kwanza nzuri tumeitundika ku biro. Si ya mujukuu, wala si ya Bulaya. Ni mukono wake mwenyewe wa kuume, vidole vitatu, umelala juu ya sahani ya mulombwa. Mwangaza wa dirisha, f/2.8, bila flashi. Mama mushika-sanduku aliiangalia sana, akasema tu: "Sasa inaonekana."

Akirudia, tutawaonyesha Aiguines. Kwa sasa tunawaomba kitu kimoja, wewe wa kazini na wewe mama wa nyumba: siku wanakuletea chombo, ikuwe apareyi, ikuwe buti, ikuwe masiki ya vumbi, ukishike kwanza. Kisipokaa mu mukono wako, usiseme ndiyo. Na wakikuambia utazoea, uje utuone. Tuko na apareyi.